Gurudumu la Mbele Kushoto

Baba yangu ndiye mtu wa pekee niliyewahi kumwona akifurahi kuambiwa kwamba gari lake limeharibika. Alikuwa ameshika usukani, tumetoka Ruiru mjini tukielekea Mugutha, na ndani ya gari lililoundwa kwa ajili ya watu wawili, pamoja na kijikiti cha nyuma cha kuwekea koti, tulikuwa watu watano. Gurudumu la mbele kushoto lililia kwenye kila kona na kila shimo, mlio mkavu kama wa jembe linaloburutwa kwenye saruji. Kila lilipolia, mafundi watatu waliobanana nami waliinamisha vichwa kusikiliza, na baba akatutazama kwenye kioo huku akitabasamu.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Hiyo ni gari. Si mimi."

Furaha hiyo ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilianza kabla ya mafundi.

Gari la baba ni la Kijapani, la milango miwili, la miaka ya sabini. Rangi yake ilikuwa ya chungwa, lakini jua la Thika limeifanya ifanane na papai lililosahauliwa dirishani. Alilinunua akiwa kijana, msimamizi wa zamu katika kiwanda cha nguo, kutoka kwa meneja mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Pua ni ndefu, paa limelala, na dereva hukaa chini kiasi kwamba akisimama kando ya lori haoni kitu ila nati za magurudumu. Mama, alipokuwa hai, hakulipanda ila kwa dharura. Alisema kuingia humo ni lazima mtu apige magoti, na yeye alikwisha kuamua kwamba magoti yake ni ya kanisani tu.

Siku hizi gari hilo lina kazi moja. Kila Alhamisi baba hutoka Thika hadi Mwiki kumwona mzee mwenzake waliyefanya naye kazi kiwandani, ambaye alipata kiharusi na hatoki tena nyumbani. Baba humpelekea viazi, humnyoa ndevu, wakacheza drafti na kubishana ni nani aliyeacha mashine fulani ikiungua zamu ya usiku miaka mingi iliyopita. Kwa matatu safari hiyo ni ya kupanda na kushuka mara kadhaa, kisha boda boda kumalizia. Baba ana nyonga mbovu. Amesema boda boda ataipanda siku atakapokuwa kwenye jeneza, na hata hapo wamfunge vizuri. Kwa hiyo mtu akizungumzia funguo za gari hilo, anazungumzia Alhamisi ya wazee wawili.

Aliyezizungumzia ni dada yangu mkubwa. Yeye ni muuguzi, anaishi Ruiru, na kazini huwapokea watu ambao dakika chache kabla walikuwa madereva wazuri. Jumapili moja baba alimrudisha kutoka kanisani. Walipokuwa wakiiacha barabara kuu kuingia Ruiru, dada alisikia mkwaruzo upande wake, upande wa kushoto, mrefu na wazi. Kwa maelezo yake, baba aliusugua ukingo wa zege kwa tairi zima na hakukatiza hata sentensi aliyokuwa akiisema juu ya mahubiri. Kwa maelezo ya baba, tairi liligusa bodi, jambo la kawaida kwa gari la umri huo, na mahubiri yalikuwa marefu.

Jicho la kushoto la baba lina mtoto wa jicho. Gurudumu lililolia ni la kushoto. Dada aliona hapo kesi iliyokwisha, baba akaona sadfa.

Tulikaa kikao nyumbani kwa dada baada ya chakula. Dada aliweka masharti kwa sauti ile ya kumsomea mtu majibu ya maabara: kama kosa liko kwenye gari, litengenezwe na baba aendelee kuendesha, kama haliko kwenye gari, funguo zibaki Ruiru. Baba alijibu kwamba katika kiwanda alichosimamia hakuna mfanyakazi aliyefutwa kwa sababu kelele imesikika karibu naye. Mashine ilikaguliwa kwanza. Walikubaliana, kitu ambacho hakijatokea sana. Mimi, kwa kuwa nimeishi kwa kuandika habari na kwa hiyo nadhaniwa sina upande, nikapewa kazi ya kuandamana na gari kwa mafundi na kuleta ripoti. Baadaye niligundua kwamba kila mmoja alinichagua akiamini niko upande wake.

Fundi wa kwanza alikuwa Thika, chini ya mabati karibu na viwanda, mtu mnene anayevaa tochi kichwani hata saa sita mchana. Alilipandisha gari kwenye jeki, akashika gurudumu juu na chini kwa mikono miwili, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto.

"Guka, hii bushi ilikufa kitambo," alimwambia baba, akimwita babu kwa Kikuyu. "Wewe umekuwa ukitembea na maiti."

Baba alinigeukia. "Andika."

Bushi, zile raba za kwenye viungo vya gurudumu, zikabadilishwa. Tukatoka kulijaribu gari, na hapa ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza desturi ambayo sikuipa uzito: fundi aliingia, msaidizi wake mwenye ndevu nyeupe akaingia, na jirani wa gereji ambaye kazi yake ni redieta naye akaingia, kwa sababu alisema masikio yake ni mazuri. Gari likalia. Wote walikubaliana kwamba limelia. Walichotofautiana ni limelia wapi, na kila mmoja alilisikia likilia katika kiungo anachokifahamu. Mtu wa redieta alishuku redieta.

Ndipo fundi akaandika dawa ambayo kwetu ni moja kwa kila gari la chini: spesa. Ni duara nene la raba au alumini linalowekwa juu ya springi ili bodi ipande. Kuanzia Thika hadi Ruiru utayaona magari madogo yamesimama kwa ncha za vidole, kwa sababu tunanunua magari yaliyoundwa kwa barabara laini, kisha tunayainua hadi yafanane na yale tuliyoshindwa kuyanunua. Ni akili, kwa matuta yetu. Lakini hili lilikuwa gari la michezo, na watu waliolichora walikuwa wamejitahidi sana kulishusha.

"Hizi barabara si za gari ya kulala chini," fundi alisema. Baba, ambaye angekubali hata kulifunga mbawa mradi ionekane gari ndilo mgonjwa, akakubali.

Likatoka pale kama mzee aliyekunja suruali avuke mto. Watoto wa shule walisimama kulitazama. Kelele ikawa ile ile.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye, na ni rahisi. Spesa ziliitenga bodi na gurudumu kwenda juu. Lakini tairi lilikuwa likigusa ubavuni, kwa ndani, kwenye bakuli la chuma linalokaliwa na springi, na nafasi ya hapo haibadiliki hata uliinue gari lifike dirisha la ghorofa ya kwanza. Tairi lenyewe lilikuwa pana kuliko linalostahili. Saizi ya zamani haipatikani tena kirahisi, na muuzaji wa Thika alikuwa amemwambia baba kwamba huyo hayuko, lakini kaka yake yupo. Baba akamchukua kaka.

Fundi hakukata tamaa. Alitafuta sahani za chuma, akazitia nyuma ya rimu ili gurudumu lisogee nje. Kwa ndani nafasi ikapatikana. Kwa nje, ukingo wa tairi ukaanza kugusa mdomo wa madigadi. Kelele haikuwa imeisha, ilikuwa imehama.

"Sasa inagusa pande mbili," baba alisema, na sikuweza kutofautisha kama ni lalamiko au ushindi. "Andika."

Nilipompigia dada kumpa habari, aliuliza kama kuna uwezekano baba anawalipa mafundi wavunje. Nilimwambia hapana, wanavunja kwa hiari.

Fundi wa pili ni mtu wa springi, Ruiru, karibu na reli. Ni mzaliwa wa Kakamega aliyekuja mjini kutafuta kazi ya kiwanda, akaikuta imejaa, akaanza kupasha chuma moto. Fundi wa Thika alisisitiza kuja nasi, si kwa kutusaidia bali kuilinda kazi yake isisemwe vibaya akiwa hayupo.

Mtu wa springi alilizunguka gari mara moja. Kisha akauliza, "Nani amevalisha mzee wa watu viatu vya kisigino?"

"Viatu ni vyangu," fundi wa Thika alisema. "Ama wewe ulitaka atembee miguu chini?"

"Atembee vile Mungu alimuumba."

"Mungu hakuwa ameona barabara ya Mugutha."

Alizitoa spesa zote na zile sahani, akazipanga kwenye kipande cha gazeti kama vitu vilivyopatikana eneo la tukio. Kisha akapima kwa vidole nafasi kati ya tairi na madigadi. Kulia vilipita vidole vitatu kwa raha. Kushoto vilipita viwili, cha tatu kikagoma. Akamuuliza baba huwa anabeba nani upande wa kushoto. Baba akasema huwa habebi mtu, hubeba viazi vya Mwiki, na kabla ya hapo, kwa miaka, alibeba marobota ya vitambaa vyenye kasoro vilivyouzwa kwa wafanyakazi. Basi, mtu wa springi akasema, springi ya kushoto imechoka kwa sababu imefanya kazi, tofauti na watu fulani. Fundi wa Thika alijifanya anatafuta spana.

Springi mbili zikatafutwa, zikafungwa. Gari likakaa sawa, chini, kama lilivyokuwa kwenye picha ya arusi ya wazazi wangu, na nakiri kwamba nilisahau kwa dakika kadhaa tulichokuja kufanya. Baba alipitisha kiganja juu ya paa.

Halafu tukaenda kwa fundi wa tatu, mwenye mashine ya kompyuta ya kunyoosha magurudumu, pale pale Ruiru. Kabla haijapima, mashine ilitaka kujua ni gari gani. Orodha yake ilianza miaka mingi baada ya gari la baba kuzaliwa. Mwenye mashine, bwana wa heshima mwenye kalamu mbili mfukoni, alishuka orodha, akapanda orodha, kisha akachagua gari la kampuni ile ile lililokuwa jipya zaidi na kubwa zaidi. Alama zote zikawa kijani. Kwa kifupi, kompyuta ilitangaza kwamba gari la baba, kama lingekuwa gari jingine, halina tatizo lolote.

Hata hivyo alitaka kulisikia mwenyewe. Ndiyo maana, siku niliyoanza nayo, tulikuwa watano. Mtu wa springi alikuwa amelipaka tairi chaki, ile anayotumia kutia alama kwenye vyuma, ndani na nje, kwa sababu chaki, alisema, haina mjomba Thika. Tuliporudi gereji ya reli aliingiza kichwa chini ya madigadi na tochi. Kwa nje chaki ilikuwa nzima. Kwa ndani, karibu na bakuli la springi, ilikuwa imefutika, mstari mweusi msafi kuzunguka tairi lote.

Ushahidi haukuhitaji wakili. Baba alinunua soda kwa wote. Nilimpigia dada nikamsomea kila kitu kwa mpangilio: bushi, springi, upana wa tairi, chaki. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mlikuwa wangapi ndani?" akauliza.

"Watano."

"Na akienda Mwiki huwa wangapi?"

Nilizirudia kichwani safari zote za majaribio, kuanzia Thika, na katika zote hakuna hata moja ambayo gari lilikuwa na mtu mmoja. Kila fundi alikuwa ameingia na masikio yake, masikio yana mwili, na mwili una uzito. Tulikuwa tumelikandamiza gari, likagusa, tukaandika kwamba linagusa. Hata safari ya dada ya kutoka kanisani ilikuwa na dada. Baba akiwa peke yake, na gari likiwa jepesi, hakuna aliyejua gurudumu lile hufanya nini. Na kama halikugusa bodi akiwa peke yake, basi mikwaruzo iliyokuwa kwenye rimu ya kushoto, ambayo wote tulikuwa tumeiona na hakuna aliyeitaja, ilitaka mwenye kuifanya.

Nilimuuliza mtu wa springi kwa nini hawajaribu gari likiwa na dereva tu. Alinitazama kwa huruma.

"Bosi, mtu mmoja atasikiza na nini? Yeye si anaendesha?"

Dada alikuja gereji kesho yake kutoka zamu, bado na sare, sweta juu. Alimsalimia baba kwa heshima zote, akawaomba mafundi wapake chaki upya. Makubaliano yalisemwa mbele ya wote ili asiwepo wa kuyageuza. Baba angeenda peke yake hadi Mugutha na kurudi, apitie mzunguko, apitie penye ukingo wa zege. Chaki ikifutika kwa ndani, gari ndilo lenye makosa, na tutamtafutia tairi jembamba. Ikifutika kwa nje, ni ukingo. Isipofutika popote, dada alisema, ataomba msamaha na kupika.

Baba alivaa kofia, akarekebisha kioo ambacho hakikuhitaji kurekebishwa, akaondoka taratibu. Kutoka nyuma, gari lilikuwa zuri sana.

Tulingoja. Fundi wa Thika, ambaye bado alikuwa na sababu za kuwepo, alisema kama angeachiwa spesa zake tusingekuwa hapa. Mtu wa springi alisema kweli, tungekuwa mochari. Dada hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, mikono ndani ya mikono ya sweta, akitazama barabara.

"Wanafikiri nataka funguo," aliniambia polepole. "Sitaki funguo. Sitaki kuja kufunua shuka kazini nimpate yeye."

Nilitaka kumwambia juu ya mzee wa Mwiki, kwamba Alhamisi akiona saa imepita huanza kumwuliza mkewe kama barabara imefungwa. Lakini alilijua hilo. Ndilo lililomfanya akubali mafundi watatu badala ya kuchukua funguo Jumapili ile ile.

Baba alichelewa. Safari aliyopewa si ndefu, na tulikuwa tumeshaanza kutazama simu zetu bila kuambizana, ndipo gari likatokea upande wa reli, likiwaka. Likiwaka kabisa: maji yalikuwa bado yanadondoka chini ya milango, vioo vinang'aa, na magurudumu yote manne yalikuwa meusi, laini, yamepakwa ile dawa ya kung'arisha raba.

Baba alishuka kwa hatua mbili, kama anavyoshuka siku hizi, mguu kwanza, kisha mkono kwenye paa.

"Mugutha kuna vumbi," alisema. "Siwezi kurudishia watu gari chafu."

"Baba," dada alisema. "Chaki."

"Ilikuwa inatuaibisha. Gari ya rangi hii, na tairi nyeupe moja. Watu walikuwa wanacheka kwa stegi ya matatu."

"Baba, ilisugua au haikusugua?"

Alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika shughuli hiyo yote hakutabasamu. "Mimi nilikuwa naendesha," alisema. "Mtu mmoja hawezi kuendesha na kusikiza. Uliza fundi."

Mtu wa springi aliitazama ardhi. Alisema chaki iko nyingi, anaweza kupaka tena. Baba akasema amejaribiwa vya kutosha, na kwamba leseni yake aliipata kabla ya yeyote kati yetu kuota meno. Alimpa kila fundi mkono. Dada alikuwa amekwisha kunyoosha kiganja chake mbele kidogo, kiganja wazi, sijui kama ni kuomba funguo au kumshika baba mkono apande tena gari. Baba aliushika mkono huo, akauminya, akaingia ndani, akaenda zake Thika.

Funguo bado ziko kwake. Alhamisi bado anakwenda. Dada humpigia simu saa anayodhani amefika Mwiki, na asiposhika hunipigia mimi.

Niliitafuta sehemu ya kuoshea magari. Iko kabla ya kufika Mugutha, pipa na bomba kando ya barabara, na mwenyewe ni mama mmoja wa gamboti na aproni ya plastiki. Alilikumbuka gari mara moja. Magari kama hayo hayaji kwake. Akaukumbuka na ule weupe wa tairini. Nilimuuliza ulikuwa upande wa ndani au wa nje, kwa sababu alisema upande mmoja tu ndio uliokuwa nao, mwingine ulikuwa mweusi tayari. Alifunga bomba ili afikirie vizuri. Alisema aliinama, akapuliza maji, yakashuka meupe kwenye kokoto, na mzee alikuwa amesimama hapo karibu naye akitazama. Upande gani, hakuweza kuapa. Ningemuuliza mzee, alisema. Yeye aliangalia sana.